Jicho Alilolisifia Mjomba

Siku ile ya maulidi kijijini Makote siisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka mwili hunisisimka. Wali wa maulidi ulikuwa umekwisha kuliwa, watu wamekaa mikekani chini ya turubai, na kaka yangu Saidi amesimama kutoa mawaidha. Alikuwa mwalimu wa madrasa, kijana mwenye sauti nzuri na kanzu isiyojua mikunjo, na mimi nilijivuna kuwa dada yake. Mapajani kwangu alikaa mwanangu wa kwanza, kaka yako Hamisi, aliyezaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mboni zake zilikuwa nyeupe kama tui. Alitambua mwanga na giza, basi.

Saidi alikuwa akiwajibu vijana waliorudi kutoka mjini wakisema dunia ilijitokeza yenyewe. Akawaonyesha kisima cha mwenye nyumba, hivi visima vyetu vya kuvunia maji ya mvua. Bati limeinamia mfereji, mfereji unamimina kisimani, kisima kimefunikwa. Je, vimejipanga vyenyewe? Watu wakacheka. Basi angalieni jicho, akasema. Kope za kuzuia vumbi, machozi ya kuoshea, mboni inayojibana jua likizidi. Aliyelitengeneza alijua analolitaka. Nami nikatikisa kichwa kukubali, maana niliamini, na hata leo naamini.

Kijana mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na macho ya mpwa wako?"

Saidi hakusita. "Hayo nayo kayapanga yeye yule yule. Ndiyo maana nimekataa asipelekwe Masasi kupasuliwa. Sisi ni nani tusahihishe kazi ya Mungu?"

Nilishtuka, mwanangu. Nilijua madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Masasi, na nilikuwa nangoja siku ya safari. Sikujua kwamba imekwisha kukataliwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo mume wangu alikuwa amekwenda kwa Saidi kimyakimya kuomba ruhusa, akanyimwa, akarudi akanificha kwa aibu. Nilipomtazama alikuwa ameinamisha uso, anachezea ukindu wa mkeka. Na kupasua macho ya mtoto si jambo la kungoja atakapopenda mjomba. Nesi alikuwa ameniambia wazi kwamba tumekwisha kuchelewa, na tukizidi kuchelewa hayatafaa tena.

Nikasimama. Mwanamke, tena kijana, katikati ya mawaidha. Hata mimi nilijishangaa.

"Kaka Saidi," nikasema, "mfereji huu ukiziba majani, tunauzibua, au tunasema fundi kautaka hivyo?"

Hakuna aliyecheka. Ndipo ikatoka sauti upande wa wanawake, ya bibi yetu mzaa mama, ambaye kwa kawaida mkutanoni alikuwa akisinzia tu.

"Saidi, keti," akasema. "Kwamba Muumba yupo, umetuonyesha, ahsante. Analolitaka kwa mtoto huyu, kakwambia lini? Mama Hamisi, kafunge nguo za mtoto."

Watu walipigwa butwaa. Wengine waliondoka hata kahawa hawajanywa.

Tuliteremka Masasi, Hamisi akapasuliwa. Siku ya kufunguliwa bandeji Saidi naye alikuja, hakualikwa, kashika chupa ya uji, kasimama miguuni pa kitanda. Bandeji ikatoka. Mtoto akapepesa, akanitazama. Nikatabasamu, nikainama nimkumbatie, naye akarudi nyuma kwa hofu. Hakunijua! Mwanangu mwenyewe ananiangalia kama mgeni. Moyo ulinipasuka, nikadhani wameniharibia mtoto.

"Hamisi, ni mimi," nikasema.

Akayafumba macho, kayabana kabisa. Akanyoosha mkono, akanipapasa pua, akashuka kwenye kidevu, akashika sikio. "Mama," akasema. Kisha akayafumbua tena, polepole, anitazame vizuri.

Saidi aliiweka chupa chini, akaketi sakafuni na kanzu yake nyeupe. "Nilidhani jicho nalijua," akasema, akalia mbele ya manesi. Sikumbembeleza. Nilikuwa bado na hasira naye. Hamisi hakupata kuona kama mimi na wewe, anavaa miwani minene, lakini shamba lake la mikorosho analipalilia mwenyewe.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mimi si mtu wa kukukataza kubishana juu ya Mungu. Ukiona ulimwengu umepangika, sema umepangika, na anayekubishia mjibu kwa adabu. Ila usimfanye Mungu sababu ya kukaa na mikono mapajani, na usimsemee mbele ya mtu mwenye uchungu. Kuyaona mapambo ya nyumba si kuyajua yaliyo moyoni mwa mwenye nyumba.

Jana nimekusikia ukimwambia Mama Rehema, mwenye kichanga kilichozaliwa na nyayo zimegeukia ndani, kwamba Mungu kakiumba hivyo, aridhike. Ulisema kwa upole, naye akaitikia, akafuta machozi. Nilishtuka kama siku ile. Miguu ya kichanga bado ni laini, hospitali huifunga kwa plasta ngumu ikanyooka. Akiridhika, mtoto atatembelea vifundo maisha yake yote.

Nenda kwake sasa hivi. Mwambie ulisema usilolijua, kisha washa pikipiki uwapeleke, uendeshe taratibu. Mungu akubariki, akupe ulimi wa subira na mikono isiyongoja kuambiwa, na mtoto yule aje akukimbilie kwa miguu yake.