Kipanga Kwenye Sahani ya Shosho

Ilianza Jumamosi ya pili ya likizo ya Agosti, saa nne na robo asubuhi. Nilikuwa nafua soksi nyuma ya nyumba nikaona kivuli kikipita juu ya karai. Shomoro wote kwenye sahani ya shosho wakaruka kwa pamoja, na kuku akawaita vifaranga wake chini ya mabawa.

Sahani yenyewe si sahani. Ni kitako cha mtungi wa plastiki ambacho shosho, mama yake mama, alikikata kwa kisu cha moto akakitundika kwenye mwarobaini. Kila akipepeta mahindi, chenga zilienda humo. Alipofariki mwaka juzi, niliendelea kuijaza. Sikuwahi kumwambia mtu kwa nini. Shomoro wakigombana asubuhi, nyumba inarudi kuwa na kelele ya wakati ule, shosho akiwa jikoni anawagombeza kwa Kimeru kama majirani walioazima sufuria wakakataa kurudisha.

Ndiyo maana niliacha soksi kwenye karai mama aliposema, "Huyo ni mwewe. Hiyo sahani ndiyo inamwita. Kesho itoke."

Vifaranga ni wa mama. Alikuwa amewapaka rangi ya pinki, ile ya kutia kwenye keki, ili mwewe asijue ni kuku. Jirani yetu Mborana alichungulia juu ya ua.

"Salaam aleikum, mama. Hawa umewapeleka saluni gani?"

"Cheka tu. Wako si waliisha?"

Kwetu kila ndege wa kucha kali huitwa mwewe. Lakini mwewe namjua. Anazunguka juu karibu na buchari akingoja matumbo ya mbuzi, na mkia wake umegawanyika kama wa samaki. Huyu alipita chini, mbio, nusura aguse kamba ya nguo.

Sikubishana. Nikibishana sauti hunipotea. Nilikaa tu mlangoni pa jikoni nikingoja.

Jioni akarudi. Alitua juu ya paa la choo: mdogo, wa kijivu, tumbo lina mistari myembamba, miguu myekundu, mkia mrefu usiogawanyika. Vifaranga wa pinki walikuwa hapo chini, wazi kabisa. Hakuwajali. Akajirusha katikati ya shomoro, akaenda na mmoja.

Nilimfuata mama jikoni. "Mama, si mwewe. Ni kipanga. Hataki kuku, anataka shomoro."

"Umemwona wewe mwenyewe?"

"Nimemwona. Amewapita vifaranga hivi hivi."

Akaacha kukata sukuma, akanitazama. "Leo umeongea kuliko mwezi mzima. Haya, iache."

Nilipaswa kufurahi. Lakini kitandani nilimfikiria yule shomoro mmoja. Sahani niliyoitetea ndiyo ilikuwa inamkusanyia kipanga chakula, na mimi ndiye niliyekuwa naijaza. Nilitamani kumuuliza shosho kama aliwahi kuliona hilo, au kama aliliona akanyamaza.

Asubuhi, kabla ya kanisa, niliifungua sahani kutoka kwenye mwarobaini. Nikapenyeza mikono ndani ya ua wa miiba, mpaka mahali ambapo shomoro anaweza kupita lakini kipanga akikunjua mabawa atanasa, nikaifunga hapo. Nikatia chenga. Kisha nikaenda kuosha damu mikononi.