Mkate Usiotobolewa

Wanis alikuwa mtu wa kuelea. Ukimwita, aliitika mara ya tatu, na hata hapo uso wake ulikuwa bado unatabasamu na kitu kingine. Kwa miaka ishirini na sita alioka mikate ya sadaka ya kanisa la kijiji chake, Misri ya Juu, katika chumba kidogo cha tanuri ambacho Wakopti, Wakristo wa Misri, hukiita Bethlehemu. Alfajiri ukungu wa Nile ulipanda mpaka mlangoni, naye akikanda unga usio na chumvi huku akiimba zaburi, asijue kama yu macho au amelala. Akishapiga muhuri wa msalaba, alitoboa kila mkate matundu matano: matatu ya misumari, moja la mkuki, moja la taji la miiba.

Ndipo akaja Ustadh Nagi (kwao hata mwalimu Mkristo huitwa ustadh) kufundisha mkutano wa jioni kanisani. Loo, sauti ya mtu yule! Asali tupu. Alisema Kristo hakuumia, mwili wake ulikuwa kivuli na misumari ilipita kivulini. Na aaminiye kweli, mwili wake nao ni kivuli; ugonjwa ni njozi, na dawa ni kukosa imani. Mimi ningemtimua kwa ufagio, lakini wenye maumivu waliyapenda maneno hayo, na nani awalaumu?

Mufida, mke wa Wanis, aliyapenda kuliko wote. Alikuwa na kisukari tangu amzae Karas, mwana wao pekee. Alhamisi akasema sindano basi.

"Mama Karas, daktari alikwambia usiruke hata siku moja."

"Daktari naye! Niache nipumue, Wanis. Nimechoka kutobolewa."

Wanis akairudisha dawa kwenye friji. Alipolala alimwota Mufida akitembea juu ya ngano mbichi, nyayo haziugusi umande, anacheka kama siku ya harusi. Aliamka analia kwa raha. Aliitaka ndoto ile iwe kweli, na hilo ndilo lililomponza.

Jumamosi Ustadh alimkuta akifagia tanuri. "Ami Wanis, mbona unamtoboa Bwana kila wiki? Mwache akae salama."

Basi Jumapili alfajiri, mkate mmoja Wanis hakuutoboa. Ulitoka tanurini mviringo, unang'aa, mzuri kuliko wenzake wote. Akauweka juu kabisa ya kikapu.

Waumini wakiimba Bwana utuhurumie, Abuna Bisenti, kasisi wao, aliinamia kikapu kuchagua mkate wa madhabahu. Aliuinua ule mzuri, akaupima mkononi, akaugonga kwa kidole, akausogeza kando.

"Huu umevimba tu, Wanis," alinong'ona. "Ulisahau kuutoboa?"

"Sikusahau, Abuna."

Kasisi akachukua mwingine, wenye matundu yake, maana ibada haingoji mtu.

Wanis alitoka na ule uliokataliwa, akaumega mlangoni. Ganda juu, ganda chini, katikati hewa tupu. Mvuke ulikosa pa kutokea. Akamkumbuka Mufida. Siku tatu hizi watu walikuwa wakimsifu kwamba mashavu yamewiva, uso unang'aa. Na ile mitungi ya maji anayokunywa kando ya kitanda, je? Alishika njia mbio ibada ikiendelea, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

Alimkuta kitandani, anahema, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoanza kuoza.

"Mbona mapema?" Mufida alimtania kwa sauti iliyofifia. "Umeota tena?"

"Yule bwana ametudanganya, Mama Karas. Na mimi nimejidanganya."

"Mwili si kitu, Wanis."

"Kama si kitu, mbona umemaliza mtungi wa pili?"

Mufida akageukia ukutani. Wanis akapiga magoti kando yake.

"Bwana wetu msalabani alishikwa na kiu," akasema. "Akasema mbele ya watu, hakuona haya. Kivuli kinaona kiu, mke wangu?"

Mabega ya Mufida yakaanza kutikisika. Alilia kama mtoto.

"Nina kiu," alisema. "Tangu juzi koo linaniwaka, nikaona haya kusema. Nikajua sina imani."

"Imani unayo. Lete mkono."

Dawa ilikuwa bado kwenye friji, nyuma ya bakuli la jibini. Nje, jirani ambaye Wanis alimwita kwa kelele alipopita mbio alikuwa anawasha bajaji ya kuwapeleka hospitali. Wanis akavuta dawa kwenye sindano, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi macho yake hayakuwa mbali. Sindano ikaingia.

"Inauma, punda wee!" Mufida akapiga ukelele.

"Ndiyo, Mama Karas," alisema Wanis, akilia, akimbusu kipaji cha uso. "Inauma."