Mtamba Mweusi wa Shangazi na Mstari Wangu

Nilirudi Bariadi na diploma ya takwimu, wa kwanza kuipata katika ukoo wetu, na hakuna aliyenisomesha. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamefika hadi kijiji cha Ngulyati, na mimi nilikuwa na kikokotoo kinachotumia mwanga wa jua.

Shangazi alikuwa na saratani ya titi. Aliingizwa katika jaribio la dawa mpya kwenye hospitali ya mbali. Jaribio lilifuatilia wagonjwa miaka miwili tu, likafungwa, naye akiwa hai. Baba, ambaye ni kaka yake, alitaka agawe ng'ombe zake mapema, akiwemo mtamba mweusi ambaye Shangazi alitaka kumwona mpaka azae ndama wa tatu. Ukoo ukakaa, ukaamua msomi aseme Shangazi amebakiza muda gani. Msomi nilikuwa mimi.

Kazi hiyo naiweza. Jaribio linapokomea, unatafuta wagonjwa wengine waliofuatiliwa muda mrefu zaidi, unautumia mwenendo wao kuendeleza mstari wa idadi ya walio hai. Shangazi alielewa upesi kuliko wanafunzi wenzangu wengi. Alisema ukinunua mtamba ambaye hajazaa, unaingia zizini kumtazama mama yake. Nikamwambia ndiyo hiyo, ila kwa diploma.

Nikanakili daftari la hospitali nyingine, ya huku kwetu, iliyokuwa ikitibu saratani hiyo kwa dawa za zamani. Nikachora. Mstari uligusa chini kabla ya ndama wa pili. Baba aliutazama kwa heshima, akaanza kutaja nani apewe nini.

Shangazi akaomba asomewe daftari. Majina sikuyanakili; nilinakili vijiji na kazi tu. Nikasoma: mfinyanzi, Nkololo, amekufa.

"Nani kasema?"

Nikamweleza kwamba mgonjwa asipoonekana mwaka mzima, karani huandika amekufa.

"Huyo alihama na ng'ombe kwenda Usangu. Juzi alikuja kwenye msiba wa kaka yake. Kanenepa."

Tulipomaliza kurasa, alikuwa amewafufua wengine watatu, wote waliofuata malisho.

"Kwa hiyo mwanangu, mimi nikihama kesho nimekufa?"

Nikamjibu kwamba kwa daftari lile, ndiyo.

Nilichora upya siku hiyohiyo. Kila aliyehama nilimhesabu hai hadi siku aliyoonekana mara ya mwisho. Wachache wangejua kufanya hivyo. Mstari ulishuka polepole, ukafika ukingoni mwa karatasi ukiwa bado juu. Baba akauliza baada ya hapo kuna nini. Nikasema karatasi imeisha. Shangazi akainuka, akaenda kufungulia ng'ombe.

Mtamba alibaki kwake. Ng'ombe huyo alipozaa mara ya tatu, Shangazi alikuja kwangu na kibuyu cha maziwa, akakaa, akataka nimwandike kwenye daftari langu kwamba ameonekana. Nikamwandika. Mwandiko wangu ni mzuri.