Kidonge cha Monire

Mchana dada yangu Monire alichambua kokwa za pista ghalani, hapa Rafsanjan, Iran. Jioni alikuwa golikipa wa futsal, mpira wa ukumbini. Aliwekwa golini shuleni kwa sababu alikuwa mnene na aliziba nafasi. Alipofika miaka thelathini na moja hakuna aliyemcheka tena, lakini hakuna timu ya ligi kuu iliyomtaka pia. Ramadhani ile kocha mmoja wa ligi alikubali kuja kuyatazama mashindano yetu. Kwa umri wa dada, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

Kocha wetu, Bi Sotude, alikuwa amesoma kwamba kafeini humpa mchezaji wepesi na kumchelewesha kuchoka. Akamletea kidonge.

"Meza ukishafuturu. Lakini kahawa usiguse, itazidisha."

"Kahawa? Kocha, kwetu kahawa ni ya matanga."

"Basi usife," Bi Sotude akacheka.

Magharibi ilipoingia Monire alikula tende, mkate na jibini, akameza kidonge. Kisha chai. Mama alikaa kando ya samovari, birika kubwa la chai, na hakuiacha glasi ya dada ikae tupu.

"Kunywa, mwanangu, umeshinda na kiu."

Akanywa kama tunywavyo sote, kipande cha sukari mdomoni, bila kufikiri.

Kipindi cha kwanza hakufungwa. "Nenda kapike, bibi!" wanawake wa upande wa pili walimpigia kelele, naye akawapungia mkono. Wakati wa mapumziko nilimwona akivua glavu. Aliweka kiganja kifuani.

"Moyo unanienda mbio, kocha."

"Kidonge kinafanya kazi. Vumilia, yule kocha wa ligi anaandika jina lako."

Alivumilia. Muda si mrefu katika kipindi cha pili mpira mwepesi, wa kuokotwa tu, ulimpita katikati ya miguu, na yeye hakugeuka hata kuutazama. Alikaa chini, kisha akalala ubavu.

Hospitalini daktari aliuliza alichokunywa. Tukataja kidonge.

"Na chai?"

"Chai si kitu," Mama akasema. "Hata watoto tunawapa."

"Ina kafeini, mama. Na alikuwa hana maji mwilini."

Mama aliziba mdomo kwa ncha ya chador aliyojitanda. Daktari akaendelea, kwa upole: mapigo ya moyo wa Monire yalikuwa na hitilafu tangu kuzaliwa, na sasa imejulikana. Asikimbie tena. Asicheze tena.

Bi Sotude alikuja nyumbani baada ya Idi, akakaa ukingoni mwa kiti. Yule kocha alikuwa amemsajili Elaheh, binti aliyeingia golini badala ya dada.

Monire alijiinua kitandani.

"Anatoka golini mapema mno," akasema. "Mwambieni."

Kisha akavuta blanketi mpaka usoni. Mama alimwita kula, akamwita tena, akaondoa sahani.