Cheni Iliyokula Koti la Baba Mdogo

Watu wa Siongiroi wa umri wangu wakinikuta sokoni bado wanashika makoti yao kwa mikono miwili, halafu wanacheka mpaka wanakohoa, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, aibu ni yangu. Lakini wao wanajua nusu tu. Ile nusu nyingine ilitokea huku kwetu Kimulot jioni ya siku hiyohiyo, na hiyo hainichekeshi hata kidogo.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi nikiwa karani wa kupima majani chai, na nilikuwa na pikipiki kuukuu niliyouziwa na afisa wa kilimo alipostaafu (nyekundu, kama ukiamua kuamini). Baba alikuwa amelala na kifua tangu mvua zianze. Asubuhi moja akaniita kitandani, akasema maneno matatu tu: "Weslei, niletee Kibet."

Kibet ni ndugu yake mdogo, baba yangu mdogo, na walikuwa hawajasalimiana miaka mingi. Baba mdogo alihamia Siongiroi kufanya biashara ya ng'ombe, na bibi yetu, mama yao, alipofariki habari ilimkuta mbali akiswaga mifugo kwa miguu, akafika udongo ukiwa umesharudishwa. Baba akamuuliza mbele ya waombolezaji wote, "Ng'ombe zako zimeshiba?" Watu wengine wakacheka. Baba mdogo akageuka akaenda, na hakukanyaga kwetu tena. Kwa hiyo baba aliposema nimletee Kibet, mimi nilijua anataka nini, na mama naye alijua, maana alitoka nje haraka akajifanya anatafuta kuni.

Sasa sikilizeni mahali nilipoharibu. Jana yake nilikuwa nimetoa gurudumu la nyuma kuziba pancha. Kwa pikipiki kama ile, gurudumu linashikwa na mikono miwili ya chuma, na kila mkono una alama ndogo ndogo, ukirudisha unahakikisha kushoto na kulia zimelingana. Nilihakikisha, zikalingana, nikakaza nati nikaenda kula. Kumbe mkono mmoja ulikuwa umepinda (yule afisa aliwahi kuingia nayo mtaroni, hilo hakuniambia), hivyo alama zilikuwa zinanidanganya, gia ya mbele inaangalia huku, ya nyuma inaangalia kule, na cheni katikati inavutwa kama mtoto wa wazazi waliokosana.

Nilipoiwasha asubuhi hiyo, mke wangu Chepkemoi alisimama mlangoni akasema, "Hiyo cheni inalia. Juzi haikuwa inalia."

Na ilikuwa inalia kweli, krrr, krrr, kama mtu anasaga mahindi na mawe. Lakini nilikuwa nimevaa shati jeupe na suruali ya kanisani, maana baba mdogo ni wa kuendewa kwa heshima, na nikiinama pale nitajipaka grisi. Nikamwambia, "Itazoea." Basi. Neno moja. Kila kitu kilichofuata kilitoka kwa hilo neno.

Kabla sijafika lami, cheni ikatoka. Nikairudisha kwa kijiti nikishika kwa vidole viwili kama mtu anashika mkia wa panya. Huko mbele ikatoka tena. Nikasema moyoni, imelegea, na nikaikaza, ikatoka tena, nikaikaza zaidi. Ni kweli cheni ikilegea inaruka, lakini ikipinda pia inaruka, na mimi nilijua ugonjwa mmoja tu, huo ndio niliotibu njia nzima. Nilipoingia Siongiroi cheni ilikuwa imevutika kama waya wa ua, na shati lilikuwa jeupe upande wa mgongo peke yake.

Ilikuwa siku ya soko la ng'ombe. Nilimpata baba mdogo katikati ya wanunuzi, ameshika kamba ya fahali, amevaa koti refu la kaki lililofungwa vifungo mpaka shingoni, jua likiwa kali vile. Nikavua kofia. Kwetu ndugu ya baba ni baba tu, kwa hiyo nikamwambia, "Baba, nimetumwa nikuchukue."

Akaniuliza, "Amekutuma, ama umejituma?"

"Amenituma, Baba. Ni mgonjwa."

"Alitaja jina langu?"

"Alitaja."

Alimpa mwenzake kamba, akapangusa koti vumbi, halafu akawatangazia wale wanunuzi kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imebadilika, "Mimi naenda kwa ndugu yangu. Ameniita." Wakampa njia. Akapanda nyuma yangu wima kabisa, kama mtu anaenda kupigwa picha.

Na mimi, badala ya kuondoka polepole, nikataka soko lione. Nikavuta moto, injini ikanguruma. Uzito wa watu wawili ukaibana ile cheni zaidi, ikapanda juu ya meno ya gia, ikatoka kando, na ilipotoka ikakamata pindo la koti. Gurudumu likajifunga. Baba mdogo akavutwa chini kwa mgongo, akakaa katikati ya mavi ya ng'ombe, koti likapasuka kutoka chini mpaka kwapani, vifungo vikiruka kama mahindi ya kukaanga.

Hapo ndipo soko likaona kile koti lilikuwa limeficha. Suruali ilikuwa viraka juu ya viraka, imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Ndani hakukuwa na shati. Huyu mtu tuliyekuwa tukisema kwetu kwamba ametajirika na ng'ombe mpaka ametusahau.

Walicheka. Dalali mmoja akapiga kelele, "Leo umekamatwa na fahali ya chuma!" na wakacheka upya. Nilijaribu kumwinua, akautoa mkono wangu taratibu.

"Mwambie ameshinda," akasema.

"Nani, Baba?"

"Ndugu yangu. Siku ya kumzika mama alitaka watu wanicheke, wakacheka kidogo. Leo ametuma bikibiki. Mwambie wamecheka vizuri."

Akaondoka, ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mimi nikabaki nimesimama na kipande cha koti mkononi, watu wananiangalia niseme nini. Halafu nikaiacha pikipiki pale pale imelala na nikamkimbilia, na nilipomfikia nilikuwa nalia, mtu mzima, karani, mbele ya wamama wa kuuza nyanya.

"Baba, hiyo ni mimi! Ni mimi sijui kutengeneza. Yeye hata cheni haijui. Hawezi kukaa, Baba, akinywa maji mama anamshikilia kichwa."

Akasimama. "Kichwa?"

"Kichwa."

Akarudi. Hakusema amenisamehe, alirudi tu, akachutama kando ya pikipiki na kisu chake akaanza kukata koti lake mwenyewe kutoka kwa meno ya gia, uzi kwa uzi. Ilichukua muda mrefu ajabu. Mtengeneza baiskeli akatuazima nyundo tukanyoosha kiungo kimoja cha cheni kilichopinda. Ndipo akili ikanirudia, nikamwomba yule mwenzake ile kamba ya fahali. Nikaivuta kando ya magurudumu yote mawili, baba mdogo ameshika mwisho wa mbele, mimi nimepiga magoti nyuma, na ubaya wote ukaonekana hapo: kamba iligusa tairi la nyuma ukingo mmoja tu, ule mwingine uliachana nayo kiasi cha kupitisha kidole. Gurudumu lilikuwa limekaa upande toka nyumbani. Nikalegeza nati, nikasahau zile alama, nikasukuma kidogo, tukavuta kamba tena, nikasukuma, mpaka ikalala sawa kwa matairi yote. Nikaiachia cheni nafasi ya kupumua. Nilipozungusha gurudumu kwa mkono, cheni ilipita katikati ya meno bila sauti.

Baba mdogo alikuwa bado ameshika kamba. "Ile chai ya shamba la juu tuliipanda hivi," akasema. "Yeye akishika huko, mimi huku. Alikuwa ananigombeza nikilegeza."

Njia yote ya kurudi cheni haikulia. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, vile ilivyokuwa rahisi. Alinishika kiuno na sweta yangu, niliyokuwa nimeifunga nyuma ya pikipiki, ikiwa imemfunika kifua, na tulipoanza kupanda kuja huku, jua likiwa limeshuka kwenye majani chai, akaanza kuniuliza mambo ya baba: bado anapenda mursik, maziwa yetu ya kibuyu, iliyokomaa sana? Bado anaimba vibaya kanisani? Nilimjibu kwa furaha, nikapiga honi tulipokaribia.

Wanaume walikuwa wamesimama nje, kofia mikononi.

Mama alikuja akanishika mkono na grisi yake yote. "Alikuwa anasikiliza," akaniambia. "Kila gari ikipita anauliza, ni pikipiki? Namwambia bado. Ameenda sasa hivi tu, chai niliyompikia haijapoa."

Baba mdogo alipita katikati ya watu vile alivyokuwa, mavi ya ng'ombe kwenye suruali, akaingia, na mlango ukafungwa.

Siku ya mazishi minong'ono ilianza. Shangazi yetu mmoja hakunong'ona hata, alisema, "Huyu huja kukiwa na udongo tu." Nikamwona baba mdogo akiangalia miguu yake. Mimi ni kifungua mimba, nilikuwa na zamu ya kuongea, na nilikuwa nimepanga maneno mazuri juu ya bidii ya marehemu, lakini niliposimama nikawaambia habari ya cheni. Yote. "Itazoea" yangu, kijiti, moto niliouvuta sokoni. Nilipofika kwa koti watu walicheka, mazishini, hata mchungaji alifunika mdomo, na baba mdogo mwenyewe akacheka, halafu kile kicheko kikamgeukia, mabega yakaanza kutikisika, na shangazi ndiye aliyeenda akakaa karibu naye.

Nilimrudisha Siongiroi baada ya matanga. Aliposhuka mbele ya nyumba yake (chumba kimoja, bati limeshikiliwa na mawe) alisimama kama mtu aliyesahau kitu.

"Mimi sitaita," akasema. "Usingoje niite. Kuja tu."

Nikamwahidi, na tangu siku ile nimeapa sitangoja mtu anitume kwa mtu wake. Nimeenda kwake mara nyingi, kiangazi na masika, na sijawahi kuchelewa. Baba alihitaji niwahi siku moja tu.