Dirisha la Chumba cha Migongo

Shangazi yangu hutengeneza picha kwa mavi ya ndama. Nalisema hilo mapema, maana wageni wakisikia hukunja pua, kisha huhangaika kutafuta neno la adabu. Mavi mabichi huchanganywa na jivu, yakafinyangwa juu ya ubao yawe matuta membamba, na yakishakauka hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyumbani kwetu Ntobeye matuta hayo tunayaita migongo. Shangazi hufinyanga. Mwenzake, mama mjane aliyejuana naye katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, hupaka rangi. Hakuna kati yao anayeiweza kazi ya mwingine, na wamegombana sana juu ya hilo.

Mwaka juzi waliamua kuishi nyumba moja na kufanyia kazi humo humo. Mimi ndiye fundi wa ukoo, nimesomea ujenzi, kwa hiyo ramani ikaniangukia. Nilifurahi mno. Nikachora vyumba viwili vya kulala, katikati chumba kipana cha kazi, na banda la ndama nyuma yake ili mavi yafike yangali mabichi.

Wakati huo macho ya shangazi yalikuwa yameanza kufifia. Daktari tuliyemfuata Biharamulo alisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa itachelewesha tu. Shangazi alimshukuru kana kwamba amepewa zawadi. Mimi nilitoka pale nimekasirika, na kwa kuwa sikuwa na wa kumkasirikia, niliirudia ramani. Nikaongeza dirisha.

Nilidhani nyumba itamsaidia, huo ndio ujinga wangu. Dirisha la chumba cha kazi nikalifanya kubwa kuliko mlango, likatazama upande wa mlimani, ili mwanga uingie kutwa bila jua kuchoma mbao. Kuta nikazipaka chokaa. Mafiga nikayatoa nje kwa ajili ya moshi, na hapo ndipo tulipokwama. Mbao za migongo hukaushwa taratibu kwenye uchaga juu ya moto. Kule nje upepo ulizikausha haraka, matuta yakapasuka na kubanduka vipande vipande.

"Ludisha moto ndani," shangazi akasema.

"Moshi utakumaliza macho, shangazi."

"Na bila moto nitayafanyia nini hayo macho?"

Nikarudisha mafiga, nikatoboa tundu la moshi juu ya ukuta, nikalipanua, nikalipanua tena. Kila nilichogusa kilisaidia huku kikaharibu kule. Yule mwenzake alikuwa akinitazama tu, akichekecha udongo mweupe. Siku moja akaniambia, "Wewe jenga tu, baba. Hiyo ndiyo dawa yako mwenyewe." Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Masika iliyopita nilikwenda kuwasalimu. Mvua ilikuwa imekatika na mchana ulikuwa mweupe kabisa. Niliwapa shikamoo, shangazi akaitikia bila kuinua uso. Ubao ulikuwa mapajani, vidole vikitembea juu ya tuta kama zamani. Mwanga wa lile dirisha ulikuwa umejaa chumba kizima, nikaona hata chembe za jivu kwenye kucha zake.

"Umekuja vizuli," akasema. "Hili dilisha, mwanangu, nataka ulizibe. Linaleta balidi."

"Na mwanga je?"

"Mwanga gani? Humu ni giza kutwa. Ulilijenga upande mbaya."

Mwenzake aliacha kupaka. Yeye ndiye aliyelihitaji dirisha lile, maana rangi haipakwi kwa kupapasa. Nilimtazama nikingoja agombe, kwani hajawahi kumwachia shangazi neno hata moja. Akafunika kopo lake la rangi polepole.

"Ni kweli," akasema. "Kalijenga upande mbaya. Mimi nitapaka nje."

Shangazi akacheka, akasema eti leo kwa mara ya kwanza wamekubaliana. Nilitamani kupiga kelele, nimwambie chumba kinawaka kwa mwanga. Nikasema, "Nisamehe, shangazi, nilikosea vipimo," kisha nikatoka nje kukanyaga udongo wa kuzibia.