Face B ya "Kofia Chini ya Ziwa"

Siku yangu ya kwanza kazini, Padri Mkurugenzi wa studio ya misheni alinipa mkasi na kuniambia nikate hewa. Nikakata hewa. Akatazama mikono yangu, akasema, "Haitetemeki. Utaanza leo." Ndivyo nilivyokuwa fundi wa sauti hapa Bukavu, mimi mtoto wa mulimaji wa mpunga wa Kamanyola, ambaye hadi siku ile nilikuwa nimegusa redio moja tu, ya mjomba, tena bila ruhusa.

Ninyi vijana wa simu munarekodi kwa kidole na kufuta kwa kidole. Sisi tulikuwa na bande, utepe mwembamba wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu tuliloliita bobine. Kosa lilikatwa kwa mkasi, kisha ncha mbili zikaunganishwa. Padri akikohoa katikati ya mahubiri, nilimkata kikohozi na kukitupa chini. Kabla ya kufunga studio nilifagia vikohozi vya wiki nzima.

Sheria kubwa ya Padri Mkurugenzi ilikuwa moja: bande ikimaliza kupigwa, isirudishwe mwanzo. Ihifadhiwe vile vile, mkia nje. Bande iliyokaa muda mrefu huachiana sauti, tabaka kwa tabaka. Ukiihifadhi kichwa nje, unasikia mzimu wa neno kabla ya neno lenyewe. Mkia ukiwa nje, mzimu unakuja nyuma, watu wanadhani ni mwangwi wa kanisa. Kwa hiyo kila boksi tulilibandika karatasi nyekundu, kumwambia mwenzako: rudisha kwanza, ndipo upige. Asiporudisha, sauti inatoka kinyumenyume.

"Karatasi nyekundu," alisema Padri Mkurugenzi, "ni kama msalaba juu ya kanisa. Bila hiyo, watu wanaingia wakifikiri ni baa."

Nilikuwa nimeshafanya makosa mawili. Moja lilikuwa kumkata Monsenyeri katikati ya baraka. La pili silisemi mpaka leo. Akaniambia wazi, "La tatu, utarudi Kamanyola kwenye mpunga." Na mimi mpunga nilikuwa nimeukimbia, jamani.

Ndipo akaja Déo na orchestre yake ya muziki. Walikuwa wanafunzi wa chuo, nywele zimesimama, suruali pana chini zinafagia matope ya Nyawera. Mji mzima ulikuwa unacheza rumba. Wao walileta wimbo wa dakika kumi na nne ambao mwendo wake ulibadilika mara sita. Muchezaji akishapata mguu wa kulia, wanambadilishia wa kushoto. Na nyimbo zote za album yao zilikuwa hadithi moja: karani anapeperushiwa kofia na upepo kule bandarini, anaruka ziwani kuifuata, anakuta chini kuna mji mzima, na watu wake wanatembea kinyumenyume. Face A, upande wa kwanza wa disque, yaani santuri, ni kuteremka. Face B ni mji wenyewe.

"Déo, hii wanacheza wapi?" nilimuuliza.

"Hawachezi. Wanakaa, wanasikia."

"Watu ba Bukavu? Wakae?"

Hata hivyo nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Tuliteremsha haut-parleur, ile spika, ndani ya citerne, tangi tupu la maji la misheni, ili gitaa lisikike kutoka chini ya maji. Masista walikuja mbio wakifikiri mtu ametumbukia. Lakini kitu kilichonikamata ni Maman Feza, muke wa Déo. Wimbo wa mwisho wa face B aliimba peke yake, wimbo wa malkia wa ule mji anayemrudishia karani kofia yake. Alijifunza wimbo huo miezi mitatu akiosha vyombo. Aliimba mara moja tu, na sikukata hata pumzi moja. Nasema ukweli, niligeuka ukutani ili wasione macho yangu.

Wimbo ulipokwisha aliongea maneno machache kwenye micro, sikuyasikiliza kwa sababu nilikuwa nimeshavua casque masikioni. Sikuyakata, maana ilikuwa kawaida yetu kuacha maneno kidogo mkiani. Kule Kinshasa, kwenye kiwanda cha disques, wanasimamisha wimbo ukiisha. Kisha akafungua sufuria ya sambaza, vidagaa vya ziwani, vya kukaanga na bugali, tukala hapo hapo studio. Bobine ya face A ilikuwa na karatasi yake nyekundu. Ya face B, mikono yangu ilikuwa na mafuta. Nikasema ninawe kwanza. Nikanawa, nikafuta mikono, nikafunga boksi, nikalipeleka kwenye ndege.

Baada ya majuma mawili kiwanda kiliita kwenye phonie, ile redio ya kuzungumza na mbali. Nilikuwepo.

"Padri, face B iko bizarre, inasikika ajabu. Tuendelee?"

Padri Mkurugenzi hakuwapenda wale vijana. Akabonyeza kitufe. "Album yote iko bizarre. Endeleeni!"

Disque ilizinduliwa katika salle, ule ukumbi wa parokia, mchana wa Jumapili. Déo na Maman Feza wamevaa vizuri mbele, Monsenyeri kwenye kiti chake. Face A, watu wakavumilia. Nikaweka sindano kwenye face B. Yesu na Maria! Ilianza sauti ya mwanamke inayoongea kama anameza maneno badala ya kuyatoa, kisha wimbo, kisha ngoma zinavutwa ndani. Kinyumenyume yote. Jasho likanitoka mpaka ndani ya viatu. Halafu mama mmoja wa Kadutu akasimama, akapaza sauti: "Njo vile! Bale batu ba chini ya maji, njo vile banasemaka!"

Makofi yalikaribia kung'oa mabati. Déo akatazama kushoto, akatazama kulia, akasimama, akainama. "Mumeelewa," akasema.

Maman Feza peke yake hakupiga makofi.

Padri Mkurugenzi alinikuta nyuma ya mashine. "Karatasi nyekundu?" akauliza. Nikaficha mikono mfukoni. Akaegemea ukuta, akacheka mpaka miwani ikamwanguka, kisha akakasirika. "Ukisema ukweli, nitalazimika kukufukuza. Ukinyamaza, Mungu atakuuliza mwenyewe. Chagua."

Nilinyamaza. Disque ilikwisha madukani, ikanakiliwa kwenye cassettes, zikauzwa mpaka Minova. Walimu wa chuo walieleza maana ya yale maneno ya mwanzo wa face B: mmoja alisema ni sala ya wahenga, mwingine alisema ni lugha ya Mashi ya zamani. Déo aliwaelezea waandishi wa habari falsafa ya kurudi nyuma, na nyumbani aliwatukana mafundi wa Kinshasa. Siku moja alijaribu kuzungusha disque kinyume kwa kidole amsikie muke wake. Alivunja sindano.

Sasa hili ndilo linaloniuma. Maman Feza alikuja studio peke yake. "Tonton, bande yangu ilirudi? Minataka kujisikia mara moja tu."

Bande ilikuwa imerudi. Ilikuwa chini ya kitanda changu, na boksi lake lisilo na karatasi. Nikamwambia, "Haikurudi, Maman." Akasema haizuru, akaenda zake.

Nikahamishiwa Shabunda, kwenye redio ndogo ambapo Chef de poste, mkuu wa eneo lile, alinitaka nitangaze saa kwa kutazama jua. Miaka mingi baadaye nikarudi Bukavu kwenye redio ya serikali, chini ya Directeur aliyeogopa mashine, akizipisha kwenye korido. Nikapewa cheti cha pensheni na saa ya ukutani. Nilivyorudi Bukavu, Maman Feza alikuwa ameshazikwa. Bande nilihama nayo kila mahali, vitani nilibeba bande nikaacha godoro, na muke wangu hajanisamehe.

Mwaka huu bwana mmoja wa Ubelgiji, anayechapa upya disques za zamani, akamwandikia Déo. Vijana wa Ulaya wameisikia kwenye internet, wanasema face B ni kazi ya akili kubwa. Déo akanipigia simu. "Muzee mwenzangu, wanataka niandike niliwaza nini. Niandike nini?"

Nikachukua bobine, nikaenda kwake Muhumba na mashine ya zamani kwenye teksi. Nikamwambia yote nikiwa bado mlangoni: mafuta ya sambaza, karatasi, kitanda, na uongo niliomwambia Feza. Déo ana umri wangu, lakini mikono yake bado ni mikubwa.

"Ulimwambia haikurudi."

"Nilimwambia."

Aliondoa vikombe mezani nipate pa kuweka mashine. Kisha akasema, "Piga."

Nikairudisha kwanza, taratibu, kama sheria inavyotaka. Nikapiga. Feza akaimba. Aliimba kwa mbele, maneno yako mahali pake, na Déo akalia waziwazi, kamasi na vyote, na mimi pia. Wimbo ukaisha. Zikafuata zile sauti ambazo walimu wa chuo walizieleza kwa miaka yote, sala ya wahenga, Mashi ya zamani:

"Na wewe mwenye mkasi, ukishakula sambaza zangu unawe mikono ya mafuta, lakini usisahau kubandika ile karatasi. Minakujua."

Mkia wa bande ukapiga pata-pata kwenye mashine. Sikuthubutu kugeuza shingo.

"Alikukumbusha," Déo akasema.

"Alinikumbusha."

"Na ukasahau."

"Nikasahau."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni kilio tena, kumbe anacheka, anajishika mbavu, anapiga meza. "Rudisha," akasema.

"Wimbo?"

"Wimbo baadaye. Rudisha pale anakukemea."

Tulimsikia akinikemea mara sita. Bwana wa Ubelgiji atachapa face B mbili, ya kwenda na ya kurudi, na Déo ataandika ukweli, sambaza na yote. Mara ya mwisho tuliacha bande imalizike yenyewe, mkia nje. Nikatoa karatasi nyekundu mfukoni, niliyokuja nayo makusudi. Déo akaninyang'anya, akailamba gundi, akaibandika kwenye boksi yeye mwenyewe, akaigonga mara mbili kwa ngumi.